Chaneli Kumi na Nane

Sajini Thea Mulcahy alikuwa ameona vikosi vingi vya msako katika kazi yake, lakini hakuwa ameona chenye bidii nyingi na magoti mabovu mengi kama kile cha kambi ya Kurrabin. Wastaafu waliokuja kutoka Perth na kwingineko, kila mmoja akikokota kwa gari karavani yake, nyumba ya magurudumu, kuyafuata maua ya jangwani, walikuwa wamejipanga mstari mmoja kwenye vichaka vya mulga. Waliita, "Maudie! Maudie ee!" Kisha walisimama kusikiliza. Kisha walisimama kidogo zaidi, kwa ajili ya magoti.

Maudie hakuitika.

"Jana usiku maji yaliganda kwenye ndoo yangu," alisema Konstebo Dunstan, mtu mnene aliyefika kabla yake na ambaye tayari alikuwa amegaiwa keki na karavani tatu. "Leo yataganda tena. Bibi wa watu ametoka alfajiri bila koti, ndivyo mumewe anavyosema. Tusipompata kabla jua halijazama, kesho tuje na machela, blanketi tuache."

"Nani alimwona mara ya mwisho?"

"Mumewe. Roly Pascoe. Makamu mkuu wa shule mstaafu."

Hilo Thea angeligundua bila kuambiwa. Roly Pascoe alikuwa amekaa chini ya kibaraza chake cha turubai, soksi zimevutwa hadi gotini, mgongo umenyooka kama wa mtu anayesubiri darasa linyamaze lenyewe. Kambi yake ilikuwa nadhifu kupita kiasi. Kabari zilikuwa chini ya magurudumu, pimamaji imewekwa kwenye ngazi kuthibitisha kwamba nyumba imekaa sawa, mpira wa maji umekunjwa duara kamili. Viti viwili vya kukunja vilitazama bonde. Gari lake lilikuwa bado limefungwa kwenye karavani, pua imeelekea njia ya kutokea.

"Pole, Bwana Pascoe."

"Niite Roly. Asante." Akammiminia chai bila kuuliza. "Aliamka kabla ya jua. Alitaka kupiga picha maua upepo haujaanza. Nikamwambia vaa koti. Hakuvaa. Miaka yote hii ya ndoa, Sajini, sijawahi kusikilizwa."

"Alilala hapa?"

"Angelala wapi tena? Tumefika jana jioni, kipandauso kimemkamata njiani, akaenda moja kwa moja kitandani. Hakutoka hata kwenye saa ya glasi."

Saa ya glasi ilikuwa ibada kuu ya makabila haya ya kuhamahama. Jua likianza kushuka, kila mtu hubeba kiti chake, kinywaji chake na sahani ya kitu cha kutafuna, wakakaa duara, wakasema uongo kuhusu matumizi ya dizeli. Kukosa saa ya glasi siku ya kwanza ni jambo zito. Udhuru unaokubalika ni kipandauso au mauti.

"Naomba niingie ndani."

"Karibu. Ila usiniulize kitu gani kiko wapi. Nje ni kwangu, ndani ni kwake. Ndivyo tulivyogawana."

Thea akaitikia kwa kichwa. Sheria hiyo aliijua, hata wazazi wake mwenyewe waliiishi. Bwana hushika magurudumu, gesi na maji machafu. Bibi hushika makabati, madirisha na kitanda. Zilikuwapo ndoa barabarani humu zilizovumilia mafuriko, ngamia na wakwe, lakini hazingevumilia bwana kugusa kopo la sukari.

Ndani, dirisha la paa lilikuwa wazi upana wa kiganja. Vumbi jekundu, laini kama unga, lilikuwa limetua juu ya jiko, vikombe, na shuka. Kwenye kitanda palikuwa na mito miwili. Wa kulia ulikuwa na shimo la kichwa kimoja. Thea akapitisha kidole juu ya wa kushoto. Mstari ukabaki, safi, kama wa mtoto aliyechora kwenye kioo cha gari.

Akakiangalia kidole chake, akakipangusa kwenye suruali, akatoka.

"Umeona chochote?" Roly aliuliza.

"Vumbi."

"Ah, nchi hii! Haizuiliki." Akainamisha kichwa karibu. "Sajini, sipendi kusengenya. Lakini yule Mholanzi kule mwisho, anayetafuta dhahabu na mashine yake ya kupiga kelele. Jana usiku alikuja hapa kutufokea kuhusu jenereta. Alisema maneno mabaya. Maudie alitetemeka."

"Maneno gani?"

"Kwamba kuna mashimo mengi ya migodi huku na mtu mwenye kelele anaweza kupotea."

Thea alizunguka karavani taratibu, kikombe mkononi. Ubavu wa kushoto ulikuwa mwekundu kwa vumbi la barabara. Ubavu wa kulia vilevile. Nyuma kulikuwa kweupe. Maandishi ya buluu yalisomeka hadi yalipendeza: ROLY NA MAUDIE, CHANELI 18. Kila karavani kambini ilikuwa na maandishi ya namna hiyo, majina ya wenyewe na chaneli yao ya redio koli, ili anayekuja nyuma aweze kuwasalimu au kuwaonya kuhusu ng'ombe. Lakini za wengine zilisomwa kwa kukisia.

Hapo mstari wa msako ukapiga kelele.

Kelele hiyo ilitoka kwa Ossie Trengove, fundi bomba mstaafu, ambaye alikuja akitimua mbio za mtu aliyewekewa nyonga mpya. Mikononi alikuwa ameshika kofia ya kike ya majani yenye utepe wa njano. Aliishika kwa heshima zote, yaani alikuwa ameigusa kila mahali ambapo polisi angependa isiguswe.

"Yake hii! Ya Maudie! Ilikuwa kwenye rundo la udongo la Wim. Juu ya koleo lake kabisa!"

Roly Pascoe alifunika uso kwa viganja viwili. Kambi nzima ikamgeukia Mholanzi, na keki zikaacha kutafunwa.

Wim Kranenburg alikuwa mrefu, mkavu, ngozi imekunjamana kama mfuko wa karatasi. Alimpokea Thea akiwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mashine yake ya kunusia dhahabu magotini.

"Uliwafokea akina Pascoe jana?"

"Nilifoka, ndiyo. Jenereta yake ilikuwa inanguruma wakati watu wazima wanalala. Nikamwambia, zima au nitaizima mimi kwa koleo."

"Na mashimo ya migodi?"

"Mashimo gani?" Wim alikunja uso. "Mashimo yapo huko nyuma kwenye mgodi wa zamani wa Lady Constance, mwendo mrefu kutoka hapa. Hapa hakuna hata shimo la sungura. Ningekuwa na shimo ningekuwa na dhahabu, ningekuwa na dhahabu nisingekuwa nimekalia ndoo."

"Kofia ya Maudie imekutwa kwenye koleo lako."

"Sajini, mimi ni mzee, si mjinga. Nimuue mtu, kisha kofia yake niitundike kwenye koleo langu kama bendera?"

"Wajinga wengi wameniambia hivyo hivyo. Maudie alisema nini ulipokuwa unafoka?"

"Hakusema kitu. Sikumwona."

"Hukumwona kabisa?"

"Niliona mlango umefungwa na mumewe amesimama mbele yake kama mlinzi wa benki." Wim akainua kidole kirefu kuelekea mstari wa msako. "Mnaniuliza mimi peke yangu. Waulizeni na wale wanaoita jina lake tangu asubuhi. Nani kamwona?"

Thea akampigia mluzi Dunstan.

"Mkalishe huyu hapa hapa, umwangalie. Usimfunge."

"Ana keki?"

"Hana."

Konstebo Dunstan alikaa kwa uchungu.

Thea alipita karavani moja hadi nyingine na swali moja tu. Je, umemwona Maudie Pascoe kwa macho yako tangu jana jioni? Waliinua nyuso, wakafikiri, wakasema ndiyo. Alipowauliza alikuwa amevaa nini, wakabadilisha jibu kuwa hapana. Waliona viti viwili. Waliona vikombe viwili. Mmoja alimsikia akikohoa, kisha akakiri kwamba huenda alikuwa mbwa.

Aliyejua zaidi alikuwa Beryl, mkewe Ossie. Beryl alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya mpiga makasia, na alikuwa akitandika siagi kwenye mikate ya kikosi kizima bila kuangalia kisu.

"Kaa, mpenzi. Una uso wa mtu asiyekula. Unajua Roly alitunyima sinema?"

"Sinema gani?"

"Ya kuegesha! Karavani mpya ikiingia sisi tunageuza viti. Bwana yuko kwenye usukani, bibi yuko nyuma anamwongoza, na ndoa yao yote tunaiona pale, bure. Sasa hawa Pascoe ndio walikuwa bora kuliko wote. Tulikuwa nao kambi iliyopita. Roly hawezi kupiga rivasi hata kidogo, masikini. Maudie anasimama nyuma na ile redio koli ndogo ya mkononi, 'Kushoto, Roly. Kushoto kwako ni upande gani? Simama. Simama, Roly!' Sauti yake unaisikia kwenye redio za kambi nzima. Ossie alicheka mpaka meno yakatoka."

"Na jana?"

"Jana aliingia kichwakichwa, moja kwa moja, akasimama kwenye mawe yale ambayo hakuna anayeyataka. Hakurudi nyuma hata hatua. Nikasema, haya, Maudie anaumwa kweli."

"Aliyekwambia anaumwa ni nani?"

"Roly mwenyewe, kwenye redio, wakiwa bado njiani." Kisu kilisimama. Beryl alikuwa mtu mchangamfu, lakini hakuwa mzito wa kuelewa. "Na hilo pia lilinikaa vibaya. Ngoja nikupe kwa mpangilio. Mchana tuliwapita wamesimama pale njia panda ya mgodi wa zamani, Lady Constance. Nikawaita kwenye chaneli yao. Maudie akajibu, kama kawaida, maana Roly hashiki redio, anasema inampotezea umakini. Akaniambia, 'Tunaingia humu kunywa chai, Beryl, maua yametanda kama zulia, tutaonana kwenye glasi.' Mzima kabisa! Anacheka."

"Halafu?"

"Halafu jioni, tumeshafika, nikamwita tena nimwelekeze nafasi nzuri. Kumi na nane, kimya. Kumi na nane, kimya. Nikahamia arobaini, ya madereva wa malori. Roly ndiye akajibu. Nikamuuliza kulikoni huko? Akasema Maudie ana kipandauso, amelala. Mpenzi, chaneli yao imeandikwa mgongoni kwa rangi. Mtu haihami ile. Ni kama kuhama jina lako."

Thea akakisukuma kando kikombe cha chai alichopewa na Beryl.

"Alilala wapi, karavani ikiwa inatembea?"

"Ndiyo hilo! Ni kosa kisheria mtu kukaa ndani inapokokotwa. Na Roly anavyopenda sheria..." Beryl alitazama mikate aliyopaka siagi, kisha vichaka, kisha mstari wa watu walioendelea kuita. "Sajini. Tunatafuta mahali pabaya, siyo?"

"Vaa koti, Beryl. Na chukua kamba zote alizonazo mumeo."

Roly alikuwa bado kwenye kiti chake. Thea hakumsemesha. Alikwenda nyuma ya karavani, akapiga magoti. Pale nyuma palikuwa pameoshwa kwa maji ya kunywa, katika nchi ambayo watu husuuza vikombe kwa mate na matumaini. Palioshwa kwa uangalifu, kuanzia paa hadi bamba la namba. Mtu wa nje, kazi ya nje, imefanyika vizuri.

Isipokuwa tairi la akiba. Lilikuwa limefungwa pale nyuma ndani ya mfuko wake mgumu, na kati ya mfuko na ukuta kulikuwa na nafasi ya kupenya mkono. Thea akamulika tochi. Huko ndani vumbi halikuguswa na maji. Katika vumbi kulikuwa na michirizi minne, sambamba, inayoshuka. Upande wa pili minne tena.

Vidole. Mtu alikuwa amelikumbatia tairi lile kutoka nyuma, akashikilia, kisha akateleza.

Alisimama, akaenda kwenye gari, akafungua mlango wa dereva. Redio koli ilikuwa chini ya dashibodi. Ilionyesha arobaini. Akanyoosha mkono kwenye kitufe.

"Mbona unagusa vitu vya watu?"

Roly alikuwa amesimama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Thea akageuza. Thelathini. Ishirini na tano. Ishirini. Alimtazama Roly, hakuitazama redio. Kila namba iliposhuka, kitu fulani kilishuka usoni mwa mzee yule. Kumi na tisa.

Kumi na nane.

Redio ikakoroma. Mkoromo mtupu, wa mbali, kama mafuta yanayokaangwa chumba cha pili. Roly Pascoe aliziba masikio.

"Hapa hafiki," Thea alisema. "Ni mbali mno kwa redio ya mkononi. Ulijua hafiki, na bado umeziba masikio."

"Sijui unazungumza nini."

"Kwa nini umeosha nyuma tu?"

"Tope."

"Mvua haijanyesha tangu nilipopandishwa cheo, Bwana Pascoe. Na kwa nini mto wa mkeo una vumbi la barabara lote, halijaguswa? Dirisha la paa lilibaki wazi tangu mliposimama kunywa chai, maana anayelifunga kabla ya kuondoka hakuwapo. Kazi za nje umezifanya zote. Ya ndani hukuijua hata moja."

Dunstan alikuja, akiwa amemwacha Wim na ndoo yake, na safari hii alifunga pingu bila kuuliza habari ya keki.

Mgodi wa Lady Constance ulikuwa umefungwa kabla wazazi wa Beryl hawajazaliwa. Njia ya kuingia ilikatiza katikati ya maua ya karatasi, meupe na ya waridi, mengi mno, kama waliozika mtu mkubwa na kusahau kuondoa mashada. Jua lilikuwa limeegemea upande. Ossie aliwafuata na gari lake, nyuma limejaa kamba, ngazi na vyuma ambavyo mkewe alikuwa amemkataza kubeba safari nzima.

"Kama ni jana mchana," Beryl alisema, "basi ile baridi ya jana..."

"Ndiyo. Usiku mmoja tayari."

"Na leo?"

Thea aliendesha akiangalia ardhi. Matairi ya gari na karavani yalikuwa yameingia, yakasimama mahali pazuri kabisa pa kunywa chai. Kisha yalikuwa yamefanya jambo ambalo Roly Pascoe hakupenda kulifanya mbele ya watu. Yalikuwa yamerudi nyuma. Njia yote ilikuwa wazi mbele, hapakuwa na sababu ya kurudi nyuma hata kidogo. Na kwa mtu asiyejua kushoto kwake, yalikuwa yamenyooka ajabu.

Yaliishia kwenye uzio uliolala chini na kibao cha bati chenye kutu: HATARI, SHIMO.

Mbele ya alama za matairi kulikuwa na alama za viatu vidogo. Viliukabili mgongo wa karavani. Vilirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, visigino vikichimba zaidi kila mara, hadi mahali palipokuwa hapana ardhi ya kukanyaga.

"Alimwambia asimame nyuma," Beryl alinong'ona. "Kumwongoza. Akamwamini, kama kila siku."

Thea alimshika kiuno asisogee zaidi. Mdomo wa shimo ulikuwa mweusi, mbao zake zimeoza, na hewa iliyotoka humo ilikuwa baridi kuliko ya nje. Aliita jina. Kokoto zikaanguka, na ikachukua muda kusikika zilipofika. Hakuna aliyejibu.

Alirudi kwenye gari, akaiweka redio kumi na nane, akabonyeza.

"Maudie Pascoe, huyu ni polisi. Ukinisikia, bonyeza tu. Usiseme."

Mkoromo.

"Maudie. Bonyeza tu."

Ossie alikuwa amevua kofia. Beryl akamnyang'anya Thea kile kipaza sauti, akakishika kwa mikono yote miwili.

"Maudie, mimi Beryl. Saa ya glasi imepita na kiti chako kiko wazi. Unatutia aibu."

Mkoromo ukakatika. Ukarudi. Ukakatika tena. Kisha, kutoka chini ya ardhi, ikaja sauti ndogo iliyokauka, sauti ya mtu ambaye amekuwa akirudia neno moja tangu jana hadi limepoteza maana. Thea alielewa papo hapo Roly alikuwa amesikia nini kwenye redio ile alipokuwa akiondoka, mpaka aliponyoosha mkono na kugeuza kitufe.

"Simama, Roly," ilisema. "Simama. Simama."

Machozi yalikuwa yakimtiririka Beryl, lakini sauti yake ilitoka imara kama ya mtu anayeongoza karavani kwenye nafasi finyu.

"Amesimama, mama. Tumemsimamisha. Sasa achia hicho kitufe usije ukamaliza betri. Ossie anakuja na kamba."